Kichwa kinauma karibu kila siku: niende Nairobi kunyooshwa shingo?

Fundi_Sakina

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha, mama wa watoto watatu, umri unaelekea arobaini na tano. Kichwa kinaniuma karibu kila siku tangu ule msimu wa sare za shule. Kinaanzia kisogoni upande wa kulia, pale nywele zinapoishia, kinapanda taratibu juu ya sikio mpaka kinakuja kukaa nyuma ya jicho. Ni upande huo huo siku zote. Kikishaanza, kumgeukia mteja aliyesimama mlangoni ni kazi, inabidi nigeuke mwili mzima pamoja na kiti.

Presha nimepima, iko sawa. Malaria hakuna, taifodi hakuna, miwani nimebadilisha. Zahanati wananipa panadol na diklofenaki. Nikimeza napata nafuu ya saa chache, jioni kinarudi. Siku hizi nameza asubuhi kabla hata hakijaanza, maana nikiwa na nguo za harusi mezani siwezi kulala.

Mdogo wangu anaishi Nairobi, ameniambia kuna kliniki ya kairopraktiki huko. Wanakushika kichwa, wanazungusha shingo mara moja inalia, na watu wanatoka pale wakitokwa machozi ya furaha. Amenitumia na video. Nilipopiga simu nikaambiwa nije na picha ya eksirei ya shingo, halafu nilipie kifurushi kizima cha matibabu kabla ya kuanza. Nikijumlisha na nauli ya kupitia Namanga na pa kulala, ni hela ya kununua cherehani ya umeme. Nikijikaza naipata. Ninachouliza: inatibu kweli? Ina hatari? Mume wangu anasema shingo si ya kuchezea. Mwenye kujua, kwa kufanyiwa au kwa kusomea, naomba anisaidie.

Dereva_Makupa

Pole sana dadangu. Mimi niko Mombasa, naendesha lori la makontena hadi Malaba, kwa hivyo shingo naielewa. Sisi huku tukishuka garini mtu wa kwanza kumwona ni kinyozi. Akishamaliza kunyoa anapaka spiriti, anakuchua mabega, halafu anashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwengine, kwa! kwa! Huku na huku. Wallahi kichwa huwa chepesi, na usiku huo nalala usingizi wa maana. Kesho yake nikifika Voi kishaanza tena.

Mimi naona usilipe mapesa yote hayo. Tafuta kinyozi mwenye mkono mzuri. Lakini na mimi ningependa mwenye ilimu atwambie kwa nini ile nafuu haikai.

Viungo_Kaskazini

Dada Fundi, pole. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, niko hospitali moja ya huku Kaskazini, na mafundi cherehani, walimu wanaosahihisha madaftari na madereva ndio wengi kwenye foleni yangu ya shingo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umejieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi ninaowaona, na kwa sababu hela unayotaka kuitoa si ndogo.

Kabla ya shingo kuna maswali lazima niyaulize, na kila anayesoma hapa ajiulize pia. Kichwa kimewahi kukupiga ghafla, kikafika kilele ndani ya dakika moja, kwa ukali ambao hujawahi kuupata maishani? Kuna homa na shingo inakataa kuinama? Mkono au mguu umelegea, ulimi umekuwa mzito, unaona vitu viwili viwili? Umekonda bila kujua sababu? Kilianza baada ya kuanguka au ajali? Kwa mwenye VVU ambaye kichwa kimemuuma kwa siku nyingi mfululizo, hakuna kunyooshwa wala kurudishwa nyumbani na panadol. Apimwe siku hiyo hiyo homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokoka, maana inaua huku ikianza kama kichwa cha kawaida. Mjamzito mwenye kichwa kikali apimwe presha na mkojo. Kama lolote katika haya unalo, acha kusoma, nenda hospitali sasa.

Kama huna, tuje kwenye vidonge, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pote. Dawa ya maumivu ikimezwa siku nyingi mno, yenyewe inaanza kuleta maumivu ya kichwa. Kiwango wanachokitumia madaktari wa mishipa ya fahamu ni hiki: panadol ya kawaida au dawa za kundi la diklofenaki, siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Zile zilizochanganywa, zenye kafeini au kodeini ndani, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Zinazohesabiwa ni siku, si idadi ya vidonge. Wewe umeandika kwamba unameza asubuhi kabla hakijaanza. Dada, mtu anayemeza hivyo anaweza kunyooshwa na bingwa yeyote na bado kesho akaamka na kichwa, kwa kuwa sababu mojawapo iko kwenye mkoba wake. Na diklofenaki ya kila siku inaumiza tumbo na figo na kupandisha presha, hilo tu lingetosha kuiacha.

Kuacha kunataka daktari. Siku za mwanzo kichwa huwa kibaya zaidi, kwa wengi hupoa ndani ya siku 10 hivi, na bila kuandaliwa watu hurudi kwenye vidonge siku ya tatu. Mwombe daktari mzungumzie amitriptilini. Ni dawa ya zamani, bei yake ndogo, inaanzwa kwa miligramu 10 usiku na kupandishwa polepole. Inazuia kichwa kisije, haitulizi kilichokwisha kuja, kwa hiyo usiihukumu kwa siku mbili. Asubuhi za mwanzo inaacha uzito na kinywa kikavu.

Sasa shingo. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo inaingia kwenye shina la ubongo na kukutana na mshipa wa fahamu wa uso. Habari zote mbili zinapita mlango mmoja, ubongo unashindwa kujua ipi imetoka wapi, na ndiyo maana kiungo kilichokakamaa kisogoni kinaumia nyuma ya jicho. Maelezo yako (upande mmoja usiobadilika, kinaanzia kisogoni, shingo haigeuki) yanafanana sana na kichwa kinachotokana na shingo. Kipandauso ni kingine: kinadunda, kinaleta kichefuchefu, mwanga na kelele vinakera, ukipanda ngazi kinazidi, na kisipotibiwa hukaa kati ya saa 4 na 72. Ila kipandauso nacho kinaweza kuumiza shingo, kwa hiyo usijipachike jina la ugonjwa kwa kusoma maneno yangu. Kuna kipimo kinachofanyika kitandani. Unalala chali, tunakunja shingo mpaka kidevu kinakaribia kifua, halafu tunazungusha kichwa taratibu kila upande. Shingo isiyo na tatizo inapata kama digrii 44. Penye tatizo kati ya pingili ya kwanza na ya pili inakwama karibu na 30, na mara nyingi mgonjwa anasema "ndicho hicho kichwa changu." Eksirei haituonyeshi hilo. Kwa mtu ambaye hajapata ajali na hana dalili nilizotaja juu, picha ya shingo ni hela na mionzi ya bure.

Umeuliza kama inatibu. Australia walichapisha mwaka 2002 utafiti wa watu 200 wenye kichwa cha shingo, waliogawanywa makundi manne: walionyooshwa kwa mikono, waliofanyishwa mazoezi, waliopata vyote viwili, na wasiopata chochote kati ya hivyo. Matibabu yalichukua wiki 6. Kunyoosha kulisaidia, mazoezi yalisaidia kwa kiwango kinachokaribiana, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Walionyoosha pale walikuwa wafiziotherapia. Marekani, mwaka 2018, matabibu wa kairopraktiki walifuatilia watu 256. Waliopata vipindi 18 ndani ya wiki 6 walishuka kutoka takriban siku 16 za kichwa katika kila wiki 4 hadi takriban 8. Hata waliochuliwa kidogo tu bila kunyooshwa walipungukiwa, ingawa si kwa kiasi hicho. Kwa kipandauso hali ni tofauti kabisa. Norway, mwaka 2017, watu 104, walionyooshwa kweli na walioigiziwa tu bila kujua wote walipata unafuu, tofauti ya maana kati yao haikuonekana. Ndiyo maana kwa kichwa cha shingo nasema ndiyo, mikono inasaidia, na kwa kipandauso sitamshauri mtu auze hata kuku.

Kaka Dereva, ule mlio ni gesi inayojitengenezea nafasi kwenye maji ya kiungo shingo inapovutwa ghafla. Hakuna mfupa uliokuwa umetoka ukarudi. Misuli inalegea kwa muda na maumivu yanapungua kwa muda, ndiyo nafuu yako ya usiku ule. Asubuhi unarudi kwenye usukani ule ule na misuli ile ile dhaifu ya mbele ya shingo, kichwa kinaanza upya. Nakuomba sana, kinyozi akuchue mabega, kidevu asikiguse. Kuna mishipa miwili ya damu inayopanda ndani ya matundu ya pingili za shingo na kupiga kona kali kwenye pingili ya kwanza kabla ya kuingia ubongoni. Kuzungusha kwa nguvu kunahusishwa na kuchanika kwa ukuta wa mshipa huo, damu inaganda, inakwenda ubongoni, mtu anapata kiharusi, hata kijana. Ni nadra, tena wengine walikuwa tayari wamechanika na maumivu hayo ya shingo ndiyo yaliyowapeleka kunyooshwa. Lakini aliyesomea anauliza na kupima kabla hajakugusa. Kinyozi anauliza kama unataka na ndevu. Baada ya kuzungushwa shingo, ukipata maumivu makali mapya ya shingo, kizunguzungu, kuona viwili, kope moja kulegea, kushindwa kumeza au kuyumba, ni hospitali kubwa muda huo huo.

Dada Fundi, hayo ya kuzungusha ghafla si lazima. Kuna kunyoosha kwa taratibu, pingili moja moja, bila mlio wowote, na ndiko ninakoanzia mimi. Wafiziotherapia wapo hospitali za rufaa na za mikoa, hapo Arusha pia. Anzia huko kabla ya Namanga. Na nyumbani anza hili leo: lala chali bila mto mkubwa, tikisa kidevu kidogo sana kama unayeitikia ndiyo, kisogo kisiinuke kitandani. Shikilia sekunde 10, pumzika, rudia mara 10, asubuhi na jioni. Ukiona misuli ya pembeni ya shingo imesimama, unatumia nguvu nyingi mno. Halafu niambie meza ya cherehani yako ina urefu gani na taa iko upande gani.

Bibi_Nyuki_MN

Mimi niko Minneapolis, nahudumia wazee majumbani, kazi ya kuinua watu. Nimefanyiwa kairopraktiki huku, kwa hiyo naweza kusema ilivyo. Marekani matabibu hawa wana leseni katika majimbo yote 50, wanasoma miaka kadhaa baada ya chuo, na bima yangu inalipia vipindi kadhaa. Dawa kwa kawaida hawaandiki. Chuo chao cha kwanza kiko Davenport, Iowa, jimbo jirani na hapa. Aliyeianzisha kairopraktiki, D. D. Palmer, mwaka 1895 alimsukuma uti wa mgongo mfanyakazi wa usafi aliyekuwa hasikii vizuri, akatangaza kwamba amerudisha usikivu. Ndiyo maana mpaka leo utakutana na wachache wanaosema kila ugonjwa unatokana na pingili kukaa vibaya. Ukimsikia mtu anakuambia atatibu pumu, kisukari na utasa kwa kushika shingo, chukua mkoba wako uondoke.

Wa kwangu hakuwa hivyo. Siku ya kwanza hakunigusa kwa muda mrefu, aliuliza tu, akapima presha, akanigongagonga magoti na viwiko. Alinyoosha mgongo wa juu kwa mikono, shingoni akatumia kichuma kidogo chenye springi kinachogonga taratibu, kwa sababu nilimwambia naogopa kuzungushwa. Akanipa mazoezi. Maumivu ya kisogoni yalipungua kweli, sasa nainua mzee bila kujikunja.

Ila mimi nina vichwa vya aina mbili, na hili sikulijua mpaka nilipopelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Kile cha kutapika na kufunga mapazia hakikusogea hata kidogo kwa kunyooshwa. Hicho ni kipandauso, na kilitulia kwa dawa iitwayo propranolo. Dada, jiangalie vizuri, inawezekana na wewe una viwili.

Viungo_Kaskazini

Asante dada wa Minneapolis, hilo la vichwa viwili kwa mtu mmoja ni kweli na linapotosha hata wataalamu. Naongeza tu kwa watakaokimbilia dukani: propranolo haifai kwa mwenye pumu. Iandikwe na daktari.

Fundi_Sakina

Mungu awabariki. Nimesoma yote mara mbili, na mume wangu nimemsomea.

Dalili za hatari sina hata moja. Kutapika sijawahi, mwanga haunikeri. Meza yangu ni fupi, nilirithi cherehani ya miguu kwa mama na mama alikuwa mfupi. Taa iko kushoto juu, kwa hiyo nikitia uzi nageuza shingo kulia na kuinama. Nilipoandika hapa ndipo nimeona kwamba ni upande ule ule unaouma.

Nimekwenda hospitali ya mkoa. Daktari amenisimamisha diklofenaki, panadol nimeruhusiwa siku mbili tu kwa wiki, na usiku namezeshwa amitriptilini. Wiki ya kwanza nilitamani kurudisha vidonge, kichwa kilikuwa moto na nguo za watu nilizirudisha. Sasa hivi kimeshuka. Asubuhi naamka bila kichwa, jambo nililokuwa nimelisahau. Jioni kinakuja lakini hakifiki jichoni.

Fiziotherapia wamenifanyia kile kipimo cha kulala chali. Kushoto shingo ilikwenda vizuri, kulia iligota, nikapiga kelele. Ananikandamiza taratibu kwa vidole gumba pale kisogoni, hakuna mlio. Hata nikijumlisha na kikombe cha chai ninachonunua pale hospitalini, bado sijakaribia bei niliyotajiwa kwenye ile simu ya Nairobi.

Nina maswali mawili. Kuinua meza, niinue kiasi gani? Na je, mdogo wangu bado anasisitiza niende kule, nikienda siku moja nikiwa na safari zangu za kununua vitambaa Eastleigh, kuna ubaya?

Dereva_Makupa

Alhamdulillahi, nimefurahi. Mimi kinyozi nimemwambia mabega tu. Amenuna kidogo lakini ameelewa. Je, hilo zoezi la kidevu naweza kulifanya nikiwa nimekaa garini kwenye foleni ya mzani pale Mariakani?

Viungo_Kaskazini

Kaka, ndiyo, lori likiwa limesimama. Egemeza kisogo kwenye kiti na uitikie kwa kidevu vile vile, sekunde 10. Na sogeza kiti mbele, madereva wengi wanaendesha mikono ikiwa imenyooka na kichwa kimetangulia kifua.

Dada Fundi, kaa ushonapo, viwiko vikunjike kama pembe ya ukuta, mikono ikae mezani bila mabega kupanda. Meza iinuliwe mpaka hapo, kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake yote minne, na fundi seremala avipigilie isicheze. Cherehani ya miguu ikipanda, pedeli nayo inapanda, lakini kiti usikipandishe kiasi hicho hicho, la sivyo utarudi kuinama vile vile. Taa ihamie mbele yako, juu ya sindano, ili usigeuke wakati wa kutia uzi. Kila ukimaliza vazi moja, simama, zungusha mabega, uende hata mlangoni ukarudi.

Kuhusu Nairobi, sikukatazi. Wapo matabibu wa kairopraktiki waliosoma vizuri. Afrika Kusini wanafundishwa Durban University of Technology na University of Johannesburg, na wengine wametoka Uingereza na Marekani. Muulize alisomea wapi na amesajiliwa na nani. Mwambie unameza amitriptilini. Mwambie hutaki shingo izungushwe ghafla. Mtaalamu mzuri ana njia nyingine na hatakasirika. Usilipe kifurushi, lipa kipindi kimoja kimoja, na kama baada ya vipindi sita hivi siku za kichwa hazijapungua, acha. Anzisha daftari kuanzia leo: kila siku andika kiliuma au hakikuuma, na kama ulimeza kidonge. Uende nalo kwa daktari wako miadi ijayo, ndilo atakalolitumia kuamua kama apandishe dozi.